Dada Asiye na Uzito

Asubuhi hiyo kanyagio la cherehani lilikataa kushuka. Fundi cherehani alilitia mafuta, akaufungua mkanda na kuurudisha, akajaribu kwa mguu mmoja, kisha kwa yote miwili. Mteja aliyekuwa akisubiri sare za wanawe akainama, akalibonyeza kwa kidole, na gurudumu likazunguka vizuri tu. Ndipo wote wawili walipoelewa kwamba cherehani ni nzima. Kilichopungua ni uzito wa fundi mwenyewe. Mteja akampakatisha pasi ya mkaa iliyopoa, kazi ikaendelea, na sare zikawa tayari kabla ya adhuhuri.

Mdogo wake, fundi miwani katika duka la mtaa wa pili, alipata habari akiwa anasaga kioo. Aliomba ruhusa, akaenda chooni, akafungua simu. Sarafu ya mtandaoni ilikuwa imeporomoka tangu jana.

Dada huyo fundi cherehani ndiye aliyemlea baada ya wazazi wao kufariki, na chuo alimsomesha kwa cherehani hiyohiyo. Alipouza kiwanja chake alimletea pesa zote, maana mambo ya hisa hakuyajua wala hakutaka kuyajua, akamwambia aziweke anakoweka zake. Zake, fundi miwani alikuwa akiziweka kidogo kidogo kila mshahara, kwenye mfuko unaonunua hisa za kampuni zote kubwa za soko kwa pamoja. Ulikuwa mwendo wa kobe, lakini mtu analala usingizi. Za dada alizipeleka kwenye sarafu. Hakukusudia ubaya. Mwenzake wa kazini, waliyemwita Profesa, alikuwa amenunua pikipiki kwa faida ya sarafu hiyo, na fundi miwani alitamani kuona mambo yanakuwaje, ila si kwa pesa yake.

Bei ilizidi kushuka, na dada akazidi kuwa mwepesi. Kwanza alitembea kwa ncha za vidole, baadaye ikabidi ashikilie samani. Daktari alimpima presha, akasema ni nzuri kuliko ya wengi, akamshauri avae viatu vizito. Majirani walimkataza kutoka siku za upepo.

Kuna siku bei ilipanda ghafla. Dada alishuka, akaenda sokoni kwa miguu yake, akarudi na viazi huku akilalamika kwamba magoti yanamuuma. Fundi miwani angeweza kuuza siku hiyo. Kidole kilikuwa tayari juu ya simu. Akawaza kwamba ikipanda hivi kwa wiki moja tu, hasara yote itafutika na hakuna atakayejua kitu. Akairudisha simu mfukoni. Kufikia Ijumaa, dada alikuwa amegusa dari.

Jioni moja fundi miwani alimweleza yote mkewe, aliyekuwa akimenya vitunguu. Mke alisikiliza mpaka mwisho.

"Na yako mbona hukuiweka huko?"

Alijibu kwamba yake ilikuwa ya shule ya watoto.

"Na yake ilikuwa ya nini?"

Fundi miwani aliangalia maganda mezani.

"Mkuki kwa nguruwe," mkewe akasema, akamwachia amalizie mwenyewe.

Alimtaka achukue nusu ya ule mfuko wao ampe wifi yake. Mumewe alikubali, tena kwa moyo mmoja, ila akaomba wasubiri mwisho wa mwezi, kwa kuwa mfuko ulikuwa unapanda na si busara kuuza kitu kinachopanda. Mwisho wa mwezi ulipofika, ulikuwa bado unapanda.

Dada alizoea. Alishona kwa mkono akiwa huko juu, na wateja wakawa wanampelekea vitambaa kwa mpini wa ufagio. Kazi yake haikuharibika. Wengine walisema mishono imekuwa mizuri zaidi. Mara moja tu ndipo alipouliza.

"Pesa yangu haijambo?"

"Haijambo, dada."

"Iko pamoja na yako?"

"Iko pamoja na yangu."

Akaitikia kwa kichwa kadiri dari ilivyomruhusu.

Mwaka ulipoisha, ule mfuko ulikuwa umezaa vizuri. Fundi miwani alichota sehemu ya faida, akanunua sponji nene na kitambaa laini, akapanda juu ya meza na kuvipigilia kwenye dari ya chumba cha dada, ili asiwe anajigonga usiku. Alifanya kazi mpaka shati likalowa. Dada, kwa kuwa alikuwa hukohuko juu, alimshikia pembe za kitambaa zisijikunje. Walipomaliza akajilaza, mgongo kwenye sponji, uso ukimwelekea ndugu yake aliye chini.

"Wengine wangenichoka," alisema. "Wewe una roho nzuri, mdogo wangu. Mungu akuzidishie."

Fundi miwani bado alikuwa na misumari mdomoni. Hakuitoa.