Kadeti kwenye Mizani ya Ndengu

Asubuhi ile ya Ijumaa Kanyiva Mulei, mwalimu wa hisabati mwenye digrii yake halali, alikuwa ananing'inia kwenye ndoano ya kupimia ndengu katika ghala la Mzee Kaveke pale Matiliku, Makueni. Alikuwa ameketi ndani ya gunia lililofungwa kamba, miguu nje, na akina mama waliokuja kuuza mazao walikuwa wamemzunguka wakimtazama kama mbuzi wa mnada. Mmoja alimminya paja, akasikitika.

"Usitikisike, mwalimu," Mzee Kaveke alisema. "Mshale unacheza."

Mshale ulipotulia, mzee alivaa miwani, akausoma, akavua miwani, akausoma tena.

"Arubaini na sita."

Jeshi lilitaka kilo hamsini. Ujumbe ulikuwa umeingia kwenye simu siku mbili zilizopita: ameteuliwa kwenda kufanyiwa majaribio ya kuwa ofisa kadeti, aripoti Nairobi Ijumaa ijayo na vyeti vyake vyote. Mara mbili alikuwa ameomba, na mara mbili hata salamu hakurudishiwa. Hii ya tatu ndiyo ya mwisho, maana mwezi ujao angefikisha miaka ishirini na saba, na tangazo lilisema mwisho ni ishirini na sita. Jeshi halibembelezwi. Akikosa hapa, atarudi kufundisha pembetatu kwa mkataba wa muhula mmoja mmoja, mshahara ukija ukipenda.

Kuna atakayeuliza kwa nini msomi mzima ajipime kwenye mizani ya ndengu. Aiulize dispensari, ambayo ilikuwa na mizani ya watoto wachanga peke yake, na humo Kanyiva hangeenea hata makalio. Mizani za madukani ziliishia kilo kumi. Ya kumpima mtu mzima ilikuwa moja tu, ya Mzee Kaveke, na Kaveke mwenyewe alikuwa mzee wa kanisa ambaye amina yake ilisikika hadi ng'ambo ya barabara. Hata kwenye fomu ya jeshi, palipotakiwa jina la mtu asiye wa ukoo atakayeshuhudia tabia yako, Kanyiva aliandika la Kaveke bila kusita.

"Usijali," mzee alimwambia akimsaidia kutoka guniani. "Hii ni kazi ya maombi."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Jumapili Pasta Evanson alimwita Kanyiva mbele ya kanisa, na Mzee Kaveke akashika maikrofoni. Akapendekeza washirika wote wafunge kwa ajili ya binti yao siku tatu, Jumatatu hadi Jumatano, tangu asubuhi hadi jua litue, bila hata maji.

"Mlango wa jeshi haufunguliwi na ugali!" alinguruma. "Unafunguliwa na magoti!"

Kanisa likaitika amina. Kalunde, mamake Kanyiva, ambaye alikuwa mwenyekiti wa akina mama, alilia kwa furaha. Kanyiva alisimama pale mbele akipiga hesabu. Mtu aliyepungukiwa na kilo nne alikuwa ameamriwa asile, na yule ambaye kanisa zima linamfungia hawezi kuonekana njiani akitafuna ndizi.

"Mama, si nitazidi kukonda?" alimnong'oneza mamake wakitoka.

"Wee Kanyiva! Sasa unabishana na Mungu juu ya kilo?"

Wokovu ulitoka mahali ambapo kanisa lilikuwa limeshakata tamaa, yaani kwa susu yake, Nzilani, mama wa marehemu babake. Nzilani aliolewa kutoka Tulia, huko Kitui, miaka sitini iliyopita, na hadi leo aliisema Makueni vibaya kama mgeni aliyechelewa kupewa chai. Kanisani alikwenda Krismasi, akikumbuka. Habari ya kufunga hakutaka hata kuisikia.

"Mimi nilifunga ile njaa ya themanini na nne," alisema. "Hiyo itanitosha mpaka nife. Kula, mwana wakwa."

Basi siku zile tatu, kanisa likiwa limepiga magoti, ofisa mtarajiwa alikuwa amejificha nyuma ya jiko la susu yake akishindilia muthokoi wa mahindi ya kukoboa na maharagwe, na juu ya muthokoi ndizi, na juu ya ndizi uji uliotiwa siagi. Alikula mpaka akauchukia mdomo wake mwenyewe. Kisha alijipangusa, akavaa sura ya njaa, akaenda maombi ya saa kumi. Huko dhamiri ilimla. Mamake, mwenye vidonda vya tumbo, alikuwa amekauka midomo kwa ajili yake, na Mzee Kaveke, haki yake apewe, alifunga kikweli kweli.

"Hiyo mizani ya Kaveke inakuonea tu, kama inavyonionea mimi," Nzilani alisema siku ya pili, akimwongezea sahani. "Hapa napima ndengu kwa debe, gunia linajaa kilo tisini, najua. Nikifika kwake ni themanini na moja. Kila mwaka. Nikiuliza, ananiambia ndengu zangu ziko na upepo ndani."

"Susu, ndengu hazina upepo."

"Mwambie yeye. Mimi nimezeeka nikijua nalima upepo."

Kanyiva alicheka na kuendelea kutafuna, na neno lile likampita hivi hivi. Baadaye alijilaumu sana. Digrii nzima ya hisabati, na aliyekuwa amepata jibu ni bibi kizee asiyejua kusoma.

Alhamisi alirudi ndoanoni. Arubaini na saba. Muthokoi wote ule, kilo moja! Mzee Kaveke alimwekea mkono kichwani akamwombea kwa sauti mbele ya wateja, na Kanyiva akaenda Nairobi kwa sababu tu hakutaka kumwambia mamake kwamba hakwenda.

Huko waliwapanga waombaji mstari wakiwa na kaptula na fulana, kwa hiyo hata wazo la kutia mawe mfukoni likafa. Mbele yao alisimama sajini mmoja mwanamke ambaye alionekana hajawahi kuambiwa habari njema.

"Panda."

Kanyiva alipanda, akafumba macho.

"Hamsini na mbili. Shuka. Mwingine!"

Kanyiva hakushuka.

"Afande, tafadhali rudia."

"Nini?"

"Naona kama mizani yenu iko na shida."

Sajini alimtazama kuanzia utosini hadi kwenye vidole vya miguu. Miaka yake yote alikuwa amebishana na wanaofeli, lakini huyu alikuwa wa kwanza kupita na kukata rufaa.

"Madam, unataka nikupunguzie? Niandike arubaini na nane uende nyumbani?"

"Hapana, afande!"

"Basi shuka kabla sijaghairi!"

Alishuka mbio, lakini akili ilibaki pale juu. Asubuhi alikuwa amekunywa chai na mandazi mawili, na mandazi mawili hayafiki kilo tano hata yakitengenezwa kwa saruji. Kilo tano katika hamsini na mbili ni karibu sehemu moja ya kumi. Gunia la susu ni kilo tisini. Sehemu ya kumi ni tisa. Tisini ukitoa tisa...

"Susu!" alisema kwa sauti, akiwa amefika kwa daktari wa macho. Daktari akamwambia kwamba hakuna neno kama hilo ukutani, asome tena.

Alisoma, akakimbia, akaruka, akapimwa meno na nyayo. Jumamosi alikaa mbele ya maofisa watatu, akajibu maswali yao yote, na mkubwa wao akafunga faili.

"Umefanya vizuri. Limebaki jambo moja. Jumatatu asubuhi tutampigia huyu Mzee Kaveke uliyemwandika. Atakayosema yeye ndiyo yataamua."

Kanyiva alipiga saluti, ingawa hakuna aliyekuwa amemfundisha.

Jumapili kanisa lilijaa kupita Krismasi, maana Kanyiva alikuwa amempigia mamake simu kuhusu zile kilo hamsini na mbili. Akina mama walikuwa wameleta sadaka ya shukrani, mboga, mayai na bela nzima ya unga, wakaipanga mbele ya mimbari. Mzee Kaveke aliruka juu akiwa na maikrofoni.

"Siku tatu za njaa, na Mungu akaongeza kilo tano! Nani kama yeye? Binti, njoo ushuhudie!"

Kanyiva alichukua maikrofoni. Alikuwa anautaka uofisa kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka, na ulikuwa umebaki kwenye ulimi wa mtu mmoja, naye alikuwa amesimama kando yake akitabasamu. Alichohitaji ni kusema haleluya na kukaa. Kisha akamwona susu yake kwenye benchi la nyuma, amejifunga leso yake nzuri, amekuja kanisani na si Krismasi. Kesho yake Nzilani alikuwa anapeleka ndengu kwa Kaveke.

"Mimi sikufunga," Kanyiva alisema. "Nilikula muthokoi siku zote tatu. Mama, nisamehe."

Kalunde alijifunika uso kwa kitambaa.

"Na hizo kilo tano hazikutoka mbinguni. Zilikuwa zangu tangu mwanzo. Mizani ya Mzee Kaveke ndiyo ilikuwa inazikalia, na ndengu zenu imezikalia vivyo hivyo. Kila gunia, kilo tisa."

Mzee Kaveke ndiye aliyejibu kwanza.

"Mizani ya serikali ndiyo inazidisha! Serikali huzidisha kila kitu!"

Wanaume kadhaa walitikisa vichwa kukubali, maana hapo hakuwa amesema uongo mtupu. Lakini Nzilani alikuwa ameshasimama.

"Bela ya unga ndiyo hiyo hapo mbele," alisema. "Pakiti kumi na mbili, kila moja kilo mbili. Hata mimi ambaye sikusoma najua ni ishirini na nne. Ipelekwe kwa ndoano."

Ibada ile ilimalizikia ng'ambo ya barabara. Pasta Evanson aliibeba bela mwenyewe begani, kanisa zima nyuma yake, na Kaveke akafungua ghala kwa sababu hakuwa na pa kujificha. Mshale ulipanda, ukacheza, ukakwama chini kidogo ya ishirini na mbili. Nzilani alisogea karibu, akaugusa unga kwa kidole.

"Labda hata huu uko na upepo," alisema.

Kicheko kilichofuata kilikuwa kibaya kuliko matusi. Mzee Kaveke aliondoka kichwa chini, miwani mkononi.

"Umemwaga unga kabla hujaupata," Kalunde alimwambia binti yake nyumbani. "Kesho wakimpigia simu atakumaliza. Si ungengoja Jumanne?"

"Susu anapima Jumatatu, mama."

Kisha Kanyiva aliingia chumbani, akalia. Hakujutia aliyoyasema. Alililia jeshi tu, kama mtu anavyomlilia mchumba aliyeolewa na mwingine.

Jumatatu foleni ya magunia ilitoka mlangoni kwa Kaveke hadi kwa kinyozi. Mzee alikuwa juu ya stuli na bisibisi, mikono imejaa grisi, akiinyoosha mizani huku akina mama wakimsimamia. Bela ya unga ilikuwa bado imening'inia, na hakuna aliyekubali iondolewe mpaka isome ishirini na nne. Kanyiva alikuwa ameshika pembe ya gunia la susu yake simu ya mzee ilipolia mezani. Mikono ikiwa michafu, Kaveke alimwambia mama mmoja aipokee, aweke spika.

"Mzee Kaveke? Tunapiga kutoka jeshini, kuhusu Kanyiva Mulei."

Foleni nzima ilisogea karibu. Kanyiva alitazama chini.

"Unamfahamu vizuri?"

"Namfahamu," Kaveke alisema polepole.

"Ni mwaminifu? Ni mtu wa kusema ukweli hata ukimgharimu?"

Mzee alitazama bela. Akatazama bisibisi mkononi mwake, na foleni, na Nzilani aliyekuwa mbele ya foleni ameegemea fimbo yake.

"Afande," alisema, "kupita kiasi."

"Una lolote baya la kusema juu yake?"

Kaveke alijipangusa grisi kwenye suruali.

"Hakuna. Mtamchukua lini?"

"Mafunzo yanaanza mwezi ujao."

"Mwezi ujao ni mbali sana, afande. Si mumchukue leo? Na mkimaliza kumfundisha, mtampeleka wapi?"

"Ofisa anaweza kutumwa popote, mzee. Hata nje ya nchi."

"Asante Yesu," alisema Mzee Kaveke, na kwa miaka yote aliyokuwa mzee wa kanisa, hakuwahi kuomba kwa moyo safi kama hapo.

Simu ikakatwa. Kanyiva alikuwa bado ameshika pembe ya gunia, machozi yakimtoka na kicheko pamoja, asijue aanze na kipi. Mzee alikaza bisibisi mara ya mwisho, mshale ukasimama kwenye ishirini na nne, akashuka kwenye stuli, akaifungua bela bila kumtazama mtu.

"Nzilani," alisema, "lete gunia."

Wakalitundika. Mshale ukapanda, ukacheza kidogo, ukasimama kwenye tisini.