Siku Kumi na Nne Bila Sauti

Mpaka siku ya tatu Bunge lilikuwa limepiga kura mara tano kumchagua Waziri Mkuu, na mara zote tano mizani haikucheza: sitini na sita kwa sitini na sita. Mtaani watu walikwisha kutoka kwenye hasira wakaingia kwenye mzaha, kama wafanyavyo watu waliozoea kungoja. Mtaro uliochimbwa katikati ya barabara ulikuwa unasubiri bajeti, bajeti inasubiri mawaziri, mawaziri wanamsubiri Waziri Mkuu, na Waziri Mkuu anasubiri waheshimiwa wapatane. Kwa hiyo kila aliyeuvuka mtaro ule kwa ubao alisema, "Navuka Bunge."

Mahali pa kutazamia vituko hivyo palikuwa kwa Msusi. Redio zilikuwepo na simu zilikuwepo, lakini kwa Msusi kulikuwa na Msusi mwenyewe, mwanamke wa watu, ambaye nyumba yake ikipitisha saa mbili bila mgeni hujiona kama anaumwa. Tena pembeni mwa televisheni yake, ndani ya kiduara kisichozidi kisahani cha chai, alisimama Binti yake, mkalimani wa lugha ya alama, akiyageuza maneno ya waheshimiwa kuwa mikono. Mtaa mzima ulikuwa umemlea, basi mtaa mzima ulikuja kumtazama.

"Kakonda," alisema Mama Mapacha kila siku. "Wanampa chakula huko, au naye wanampigia kura kwanza?"

Mikono ile Binti aliirithi kwa baba yake. Mume wa Msusi alikuwa fundi viatu, kiziwi tangu utotoni, na meza yake ilikuwa kibarazani, hatua tatu kutoka kiti cha kusukia. Miaka thelathini watu walimletea viatu, wakamwonyesha palipotoboka, akawaonyesha kwa vidole siku ya kuvifuata, wakamwinulia dole gumba, kisha wakaingia ndani kupiga soga na mkewe. Walimwita Bubu. Hawakuwa na nia mbaya. Lilikuwa jina lililookotwa tu, likakosa wa kulirudisha lilikotoka. Lakini Msusi lilimchoma kila alipolisikia, maana nyumbani mume huyo alikuwa msemaji kumshinda yeye, na hilo si jambo dogo.

Asubuhi ya siku hiyo ya tatu Msusi alifagia nyuma ya kabati la televisheni, ufagio ukanasa kitu, akauvuta akaendelea na kazi zake. Saa tisa alasiri wageni wakajaa, televisheni ikawashwa, waheshimiwa wakatokea wakifumbua midomo kama samaki kwenye beseni. Sauti hakuna. Muuza Mkaa, mtu wa sauti kubwa na subira ndogo, akalipiga kabati makofi mawili.

"Imekufa," akasema. "Haya, twendeni kwangu tukasikilize redio."

Watu wakaanza kunyanyuka. Msusi akainama nyuma ya kabati, akauona waya wa boksi la sauti ukining'inia kama mkia wa panya. Akanyoosha mkono auchomeke. Hapo mumewe, aliyekuwa amesimama mlangoni na kiatu cha mtu mkononi, akaangua kicheko.

Mama Mapacha akageuka. "Anacheka nini?"

Miaka thelathini ya ndoa, na hakuna aliyewahi kumuuliza Msusi swali hilo. Akautoa mkono nyuma ya kabati ukiwa mtupu, akamtazama mumewe. Mumewe akaweka kiatu kwapani, akaeleza.

"Anasema," Msusi akatafsiri, "Karani wa Bunge kawaamuru wakae, na yule mnene wa mstari wa pili kakalia miwani ya jirani yake."

Wote wakaigeukia televisheni. Kweli, mheshimiwa mnene alikuwa anajipapasa nyuma. Muuza Mkaa akarudi kukaa, na wengine wakamfuata.

Ndivyo ilivyoanza, na waya ukabaki unaning'inia. Kila saa tisa fundi viatu aliacha meza yake, akasimama mlangoni, akayasoma maneno kwenye mikono ya bintiye na kuyasimulia kwa mikono yake mwenyewe. Msusi alitafsiri huku vidole vyake viko kwenye nywele za mtu, macho yako kwa mume, mdomo uko kwa wageni. Siku ya tano aligundua kuwa mumewe anatia chumvi. Siku ya sita na yeye akaanza kutia pilipili. Lile Bunge la nyumbani kwake likanoga kuliko lile lenye mishahara.

Siku ya saba Binti akapiga simu. "Mama, nani kaeneza huko kwamba Karani alilia? Mimi sikusema hivyo."

"Labda alilia kimoyomoyo, mwanangu."

"Mama."

"Baba yako ana jicho kali, usimdharau."

Jambo moja tu fundi viatu hakulitia chumvi, nalo ni viatu. Waheshimiwa walipopanga foleni kuliendea sanduku la kura, kamera iliwaonyesha kuanzia kichwa hadi unyayoni, na yeye hapo ndipo alipokuwa ofisini. Huyu kaazima viatu, vinampwaya. Yule kisigino chake kimelika upande mmoja, mtu wa kuegemea wenzake. Siku ya kumi akamwonyesha mheshimiwa mmoja mwanamke, mwenye viatu vya buluu vya kisigino kirefu.

"Anaburuza miguu akilifuata sanduku," Msusi akatafsiri, "lakini akirudi anakimbia. Kiatu hakijui kudanganya. Huyu anapigia kura asichokitaka. Mtu wa kulivunja hili jiwe la sare ni huyu."

"Mheshimiwa kasema," akajibu Muuza Mkaa.

Msusi alidhani anamtaja mbunge fulani. Kumbe anamtaja fundi viatu. Jina likashika siku hiyohiyo, na Bubu akazikwa bila matanga.

Watu wakaanza kushika na alama zenyewe, kwani kwa siku zote hizo Bunge lilikuwa na maneno yaleyale. Kugonga kiganja kwa kidole ni hoja. Ngumi chini ya kiwiko ni naunga mkono. Ngumi mbili zilizolingana ni sare, na hiyo hata watoto wachanga waliijua. Asubuhi Muuza Mkaa alisimama ng'ambo ya mtaro, akainua ngumi mbili nyeusi kwa vumbi la mkaa, na fundi viatu akamjibu kwa kusukuma kiganja mbele: kikao kimeahirishwa mpaka kesho. Wakacheka wote wawili, mmoja huku na mwingine kule. Msusi aliona hayo dirishani, akajipangusa macho kwa upindo wa kanga, kisha akamwambia mteja wake ni dawa ya nywele.

Lakini usiku akilala, na mchana akisuka, aliuwaza waya. Siku watu watakaposikia tena, nani atamtazama mtu wa mlangoni?

Siku ya kumi na sita ilikuwa Jumapili, Bunge likapumzika, na Binti akaja nyumbani. Hakuwa amemaliza hata chai, akachungulia nyuma ya kabati kutafuta chaja.

"Mama, televisheni haikuharibika. Huu waya mbona umechomoka?"

Msusi akaanza kupanga vitana ambavyo vilikwisha kupangwa. Kabla hajapata uongo wa kufaa, mumewe akamgusa bintiye begani, akazungumza kwa mikono.

"Uache. Mimi naujua tangu siku ileile. Nilimwona mama yako akiuona."

Msusi akaviangusha vitana. "Ulijua?" mikono yake ikauliza. "Wiki mbili unajua, na umenyamaza?"

"Mimi si ndiye Bubu? Ulitaka nipige kelele?"

Binti alicheka mpaka chai ikampalia. Msusi alitaka kucheka, akashindwa. Kwani pale pale hodi ikapigwa na Muuza Mkaa akaingia, amenawa uso mpaka masikioni, dalili ya mtu aliyetumwa.

"Shemeji," akamwambia Msusi, "sisi watu wa mtaa tumekaa. Mheshimiwa tumemchosha. Mtu mmoja anasimama saa nzima mlangoni kwa ajili yetu, viatu vya watu vimelala mezani. Kesho namleta fundi redio atengeneze hiyo sauti. Ni zawadi yetu. Na inasemekana kesho jiwe linavunjika, tena si vizuri kulipokea jambo kama hilo bila sauti."

Alisema kwa moyo mweupe kabisa, na hilo ndilo lililomuumiza Msusi. Akamtafsiria mumewe polepole, akitumaini mikono itapata njia ya kukataa. Mumewe akaitikia kwa kichwa, akajibu.

"Anasema asante," Msusi akasema. "Anasema fundi msimsumbue. Atatengeneza mwenyewe."

Muuza Mkaa alipokwisha kuondoka, Msusi alimgeukia. "Kwa nini? Watarudi kukupita hapo kibarazani kama zamani. Dole gumba, kisha ndani."

"Huenda," mumewe akajibu. "Lakini nataka kujua walikuja kwa nani."

Kesho yake saa tisa chumba hakikuwa na pa kutema mate. Mama Mapacha alikuwa kwenye kiti cha kusukia, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama. Fundi viatu akapita katikati ya watu, akainama nyuma ya kabati, akauchomeka waya. Sauti ya Karani ikatoka, nzito na ya kukwaruza kama kabati linaloburutwa.

Watu walipiga makofi. Shingo zote zikaelekea kwenye televisheni, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili hakuna aliyeangalia mlangoni. Fundi viatu alirudi mahali pake, akaingiza mikono kwenye mifuko ya aproni. Msusi hakuthubutu kumtazama. Alisuka.

"Shoga," akasema Mama Mapacha, "hicho ni kichwa changu, si mkeka."

"Samahani, mwenzangu."

Karani alitangaza duru. Akasoma kifungu, akasoma kifungu kidogo cha kifungu, akakohoa, akaomba utulivu ambao tayari ulikuwepo. Waheshimiwa wakapanga foleni. Muuza Mkaa alianza kujikuna, kisha kuhema, kisha kujigeuzageuza kitini kama aliyekalia msumari.

"Huyu mzee anasema maneno mengi," akanung'unika, "lakini viatu hasemi."

"Na ndilo la maana," akasema Mama Mapacha.

Muuza Mkaa akageuka mzimamzima mpaka kiti kikalia. Akainua mikono yake mikubwa, akagonga kiganja kwa kidole mara mbili. Hoja. Akaonyesha miguu yake. Akamwonyesha fundi viatu. Mama Mapacha akaweka ngumi chini ya kiwiko, na nyuma yake viwiko vikainuka kimoja kimoja, chumba kizima, huku Karani akiendelea kujisemea peke yake kwenye boksi.

Fundi viatu akatoa mikono kwenye aproni. Mwanzo haikwenda sawa. Akaikung'uta kama inayotoka majini. Kisha ikasema.

"Amebadilisha," Msusi akatafsiri. "Vile vya buluu leo kaviacha. Kavaa vya kahawia, vya chini, vilivyokwisha kuzoeana na mguu. Haburuzi. Anatembea kama mtu anayekwenda kwake."

Mheshimiwa wa viatu vya buluu akatumbukiza karatasi yake, akarudi kitini kwa mwendo uleule, bila kukimbia. Kura zikahesabiwa. Karani akasoma: sitini na saba kwa sitini na tano.

Kelele ziliufikia mtaro na kuuvuka. Waliompenda mshindi walikumbatiana, wasiompenda wakakumbatiwa na waliokuwa karibu, na Muuza Mkaa, ambaye kwa siku kumi na saba alimwita mshindi huyo gunia tupu, alimbeba fundi viatu juujuu na kumtia mkaa shati zima. Katika kiduara chake Binti alimaliza kuitafsiri nambari, akashusha mikono, akafifia.

Siku iliyofuata mtaro ulikuwa palepale. Saa tisa ilipokaribia Msusi alipanga viti, akajiuliza anampangia nani, akavirudisha ukutani. Bunge halikuwepo. Binti hakuwepo. Alikaa kwenye kiti chake cha kusukia, akasikiliza nyumba ikinyamaza. Baadaye akachungulia kibarazani.

Muuza Mkaa alikuwa amesimama mbele ya meza ya mumewe na ndala iliyokatika. Maneno aliyokuwa nayo mikononi yalikuwa ya Bunge tu, basi akayatumia hayohayo. Hoja: ndala. Leo.

Fundi viatu akasukuma kiganja. Imeahirishwa.

Hapana, akajibu Muuza Mkaa, na kugonga meza kuomba kura. Mama Mapacha, aliyekuwa katikati ya ubao akiuvuka mtaro na kapu kichwani, alisimama hapohapo akaweka ngumi chini ya kiwiko. Muuza magazeti aliyekuwa anapita akapinga, pengine bila kujua anapinga nini. Fundi viatu akahesabu kwa utaratibu, mbili huku, mbili huku, yeye mwenyewe akiwa miongoni mwao, kisha akazilinganisha ngumi zake mbele ya uso wa Muuza Mkaa.

"Nyie," Msusi akaita toka mlangoni, "kwani kuna nini hapo?"

Hakuna aliyemjibu kwa mdomo. Mumewe alimgeukia kwa uso mzito wa Karani, akashusha kiganja chini mara moja. Kaa. Na Msusi, ambaye tangu aolewe hajawahi kuamriwa kukaa nyumbani kwake mwenyewe, aliburuta kigoda mpaka kibarazani, akakaa, maana kura yake ndiyo ilikuwa inasubiriwa.