Kibao Mfukoni mwa Ngazi

Mke wa Ngazi aliwekewa kiti cha mbele, na hapo hapo machale yakamcheza. Askari wa zimamoto hawana tabia ya kumwekea mtu kiti. Siku zote akija kituoni alijitafutia mwenyewe pa kukaa, huku wao wakimtania, "Shemeji, leo mikono mitupu?" Leo kila mtu "karibu shemeji, pole shemeji", mmoja kashika chupa ya maji, mwingine anapangusa kiti kwa kiganja. Hata mkuu wa kituo, mtu wa kufoka tangu asubuhi, alikuwa akinong'ona. Kuna namna hapa, alijiambia.

Kaka yake mwenyewe, mwendesha pampu wa kikosi, alijibanza nyuma karibu na mlango. Tangu wamzike Ngazi, jina ambalo kikosi kilimpa kwa urefu wake, kaka huyu akija nyumbani aliongea na watoto, akaongea na redio, akatengeneza bomba ambalo halikuharibika. Lakini hakumtazama dada yake usoni hata mara moja.

Mtengeneza filamu, ambaye askari walimwita Dada wa Kamera, alikuwa ameshinda nao kituoni miezi mingi akirekodi maisha yao. Sasa kazi ilikuwa imekwisha, na kabla ya kuionyesha kwa watu alitaka neno moja kutoka kwa mjane. Akisema ndiyo, filamu itoke. Akisema hapana, basi.

"Utaona walivyopendana," alisema Dada wa Kamera. "Ni ndugu kabisa hawa."

Mke wa Ngazi aliitikia kwa kichwa tu. Mkoba ulikuwa mapajani, na ndani ya mkoba mlikuwa na kibao cha bati kilichomnyima usingizi.

Kila askari wa kikosi kile ana kibao chenye jina lake. Kabla ya kuingia motoni anamkabidhi mwendesha pampu, naye anakitundika kwenye ubao ubavuni mwa gari. Akitoka anakichukua. Kibao kikiwa ubaoni, mtu yumo ndani, atafutwe. Ngazi alikuwa na wazimu na jambo hilo. Hata nyumbani akienda kuoga alikitundika kwenye msumari wa mlango wa bafu, eti mke wangu ajue nimo, nisije nikazama kwenye ndoo.

Mjane aliambiwa kwamba Ngazi alirudi ndani ya ghala la magodoro kuhakikisha hakuna mtu aliyebaki, paa likamshukia. Alikufa kishujaa, walisema, na wote walilisema kwa maneno yale yale. Lakini nguo zake zilipoletwa, kibao kilikuwa mfukoni mwa koti. Mtu anayeaga kwenda kuoga aingie motoni bila kuaga? Halikumwingia akilini. Na aliyeshika ubao siku ile ni kaka yake, tumbo moja.

Taa zikazimwa. Ngazi akatokea ukutani, mzima, mrefu, anafua soksi huku anaimba ovyo. Mke wake akacheka. Wakafuata wengine, wanaosha gari, wanarushiana povu, wanagombania rimoti. Wawili walionyeshwa wamekumbatiana na sauti ikasema hawajawahi kukosana. Uongo mtupu. Hao walinuniana mwaka mzima kwa sababu ya pikipiki iliyokwaruzwa, na mke wa Ngazi ndiye aliyewapatanisha.

Kisha likaja ghala. Askari wakatoka kwenye moshi polepole, nyuso nyeusi, wakakumbatiana mlangoni, na muziki wa huzuni ukapanda. Nyuma ya kiti chake watu wakaanza kuvuta kamasi. Yeye hakulia. Alikuwa akitazama gari lililokuwa nyuma yao. Mipira ya maji ilikuwa imeshakunjwa na kupangwa.

"Simamisha," alisema.

Picha ikaganda.

"Mpira haukunjwi watu wakiwa ndani. Hapo moto ulikuwa umeshazimwa. Hawa wanatoka wapi?"

Akamgeukia Dada wa Kamera.

"Na mbona filamu nzima nawasikia wanavyopayuka, hapa nasikia zeze tu? Toa muziki."

"Shemeji," mkuu wa kituo aliinuka, "tusijitoneshe kidonda. Tulitaka akumbukwe kwa heshima."

"Mmenivika kilemba cha ukoka, mkaita heshima. Toa muziki!"

Dada wa Kamera alimtazama mkuu, akatazama mlangoni, kisha akainamia kompyuta. Picha ikarudi nyuma, na safari hii ikaja na sauti zake. Ya kwanza ilikuwa ya Dada wa Kamera mwenyewe, changamfu kabisa: "Jamani, mara moja tena! Rudini ndani kidogo, mtoke mkikumbatiana!"

Wanaume wakacheka. Kisha sauti ya kaka yake: "Na vibao je? Leteni vibao."

Kisha Ngazi.

"Ah, shemeji nawe! Hapo mlangoni tu. Na mimi niwe wa mwisho, nianzie mbali huko ndani, mke wangu anione natokea kwenye moshi."

Wenzake wakatoka wakikumbatiana, yeye bado. Kilisikika kishindo cha paa, na kikosi kizima kikageuka kwa pamoja. Mwendesha pampu akaingia mbio kwenye picha, akautazama ubao mtupu, halafu mlango, akapiga kelele akiita jina la Ngazi, lile la kuzaliwa. Dada wa Kamera akasimamisha.

Mjane aligeuka. Kaka yake alikuwa amechuchumaa mlangoni, kajifunika kofia usoni, mabega yanamruka.

"Uliviomba," alimwambia. "Kumbe uliviomba, kaka. Nami nimekuwa nikikuwekea kinyongo moyoni."

"Sikushikilia wavilete," alijibu kutoka ndani ya kofia. "Aliponiambia 'shemeji nawe', nikacheka nikamwachia."

Mke wa Ngazi alifungua mkoba, akakishika kibao, akakigeuza, hakukitoa. Alikuwa amekuja kumtafuta mtu wa kumlaumu, na sasa walikuwa wamejaa chumba kizima. Mmoja wao alikuwa Ngazi mwenyewe, aliyeingia ndani ili mke wake amwone.

"Nitaifuta sehemu hiyo yote," alisema Dada wa Kamera akilia. "Au filamu nzima. Sema wewe."

"Usifute. Iache hivyo, na wewe usikike, na kaka yangu asikike. Muziki ndio utoke."

"Kwa hiyo ni ndiyo?"

"Ndiyo. Sasa irudishe pale anaposema mke wangu."