Damu Nzuri ya Tumu

Shemeji yangu Suleiman alikuwa mjinga tangu zamani, lakini uhuru uliupa ujinga wake kiti. Alipochaguliwa mwenyekiti wa tawi la chama hapa Msambweni, hakukubali tena kuambiwa neno na mtu, seuze daktari Mzungu.

Mkewe, mdogo wangu Tumu, alipasuliwa moyo Nairobi, akapona. Ila moyo wenyewe ulibaki ukipiga ovyo ovyo, na daktari alitueleza sote: moyo usiokwenda sawa hufanya damu ituame, damu iliyotuama huganda, na donge likipanda kichwani ni kifo au kupooza. Akampa vidonge vya kuzuia damu isigande, ameze kila siku, asiache. Tumu alimeza. Akarudi jikoni, na ulimi wake ukarudi kazini, maana nyumbani mle ni yeye tu aliyemwambia Suleiman ukweli.

Suleiman akamwita Chande, fundi wa kuumika, amtoe mkewe uchafu wa hospitali. Nilimkataza.

"Da Mishi," akanijibu, "mwenye kuachika hafundishi watu kutunza mke."

Chande akamchanja mgongo kwa wembe, akabandika pembe. Damu ikatoka, ikatoka, wala isigande. Tuliizuia kwa matambara mpaka alasiri.

Mwenye akili angejua kwamba dawa inafanya kazi. Lakini kwa waumikaji, damu iliyotoka vizuri ni ile inayoganda ndani ya pembe, mapande kama maini. Chande akatikisa kichwa. "Mwenyekiti, mkeo hana damu. Ana maji."

"Ni vile vidonge," akasema Suleiman. "Mkoloni ameondoka, sumu yake ametuachia." Akavimwaga chooni vyote. Tumu alimwita punguani mbele ya mgeni, na wala hakukosea, lakini vidonge vingine vilikuwa Nairobi.

Chande aliporudi mwezi uliofuata, damu iliganda. Suleiman akaitembeza pembe kwa majirani, meno nje, kama aliyezaa yeye.

"Tazameni! Hii ndiyo damu!"

"Mashallah," wakaitikia wapumbavu wenziwe.

Asubuhi yake kikombe cha chai kilimponyoka Tumu. Mdomo ulikuwa umekwenda upande, mkono wa kulia umelegea, na ulimi haukutoa neno tena.

Mwenyekiti sasa huketi barazani akipokea pole. Huwaambia watu ni husuda, alifanyiwa mkewe kwa sababu ya cheo chake. Kisha humgeukia Tumu aliyelazwa mkekani akimkodolea macho.

"Au sivyo, mke wangu?"

Hungoja kidogo, kwa adabu, halafu huendelea.