Kola za Shule ya Vioo

Mama Chiriku alikuwa amechoshwa na shule kabla mtoto hajaanza hata moja. Ilikuwa wiki ya pili tangu wahamie mtaa ule. Maboksi mengine yalikuwa bado yamefungwa, cherehani ndiyo kwanza imepata nafasi barazani, na yeye kila asubuhi alikuwa mguu na njia, bahasha ya vyeti kwapani, akitafuta watu wa kumlelea mwanawe kutwa nzima bila kumvunja moyo.

Shule ya kwanza ilitaka mtoto wa miaka minane afanye mtihani wa saa mbili. Alipouliza nani atakaa naye akiogopa, karani alimtazama kama mtu aliyeulizia samaki kwenye duka la misumari. "Mama, hapa tunatafuta wenye uwezo." Aliondoka bila kuaga, na kuondoka bila kuaga si tabia yake.

Jina la Chiriku mtoto alipewa na bibi yake, kwa sababu alianza kusema kabla ya kutembea na hakunyamaza tena. Aliongea na watu, aliongea na paka, aliongea na sufuria. Kisha akaingia darasa la kwanza kule walikotoka, akaangukia kwa mwalimu aliyewasimamisha juu ya dawati wote waliokosea. Chiriku akaacha kuongea. Akaanza kutafuna kola ya gauni lake la shule. Kila Ijumaa, kwa miaka miwili, mama yake aliifumua kola iliyolika, akaigeuza upande wa pili na kuishona upya, akimlaani yule mwalimu kila sindano ilipozama. Mumewe, fundi umeme, alipopewa uhamisho, majirani walimpa Mama Chiriku pole. Yeye alimshukuru Mungu.

Basi huku kupya alikuwa na kipimo chake. Matokeo ya mitihani yaliyobandikwa ukutani hakuyasoma. Alikuwa fundi nguo, na nguo humwambia fundi mambo ambayo mwenyewe hayasemi. Alitazama kola.

Shule ya pili ilikuwa ya mabati, na ilimuudhi tangu getini. Hakukuwa na karani. Mwalimu mkuu, mwanamke wa makamo, alikuwa amechuchumaa nyuma ya darasa na watoto kumi hivi, wanamtazama kinyonga kwenye tawi. Na watoto wenyewe! Viraka magotini, pindo zimefumuka, vifungo vimekwenda zake, mashati nje. Kola hata hazikuonekana vizuri kwa vumbi. Mwalimu mkuu alimuuliza Chiriku kama amewahi kumwona kinyonga. Chiriku akatia kola mdomoni. Mwalimu akangoja. Akangoja mpaka Mama Chiriku akaona haya yeye, akataka kumjibia.

"Mwache tu," mwalimu akasema. "Atajibu akiwa tayari. Sina haraka."

"Wangekuwa na haraka kidogo wangeshona vifungo," Mama Chiriku alimwambia mumewe jioni ile. "Watoto hawana wa kuwaangalia pale."

Shule ya tatu watu waliiita Shule ya Vioo, na kweli ilikuwa na vioo mpaka chooni. Watoto walipita ukumbini kwa mstari, magauni ya zambarau, na kola! Nyeupe, ngumu, zimenyooka, hata moja haikuwa na alama ya jino. Mama Chiriku alisimama pale machozi yakimlenga. Hapa hakuna mtoto anayetafuna kola, alijiambia. Mwenye macho haambiwi tazama.

Baba Chiriku naye alifurahi, kwa sababu yeye aliyasoma matokeo ya ukutani. Fomu zikajazwa, ada ya muhula ikalipwa, na Mama Chiriku akakata gauni la zambarau mwenyewe, akalishona kwa siku mbili, pindo la mkono, mshono usioonekana.

Ijumaa mchana akaja matroni wa Shule ya Vioo, anahema, gunia begani.

"Fundi, nimesikia wewe ni mgeni na mkono wako ni mzuri. Fundi wetu wa zamani macho yamemwishia. Kazi hii haikauki, kila mwezi ipo."

Akalimwaga gunia juu ya meza. Yalikuwa magauni na mashati.

"Unatoa kola zote, unaweka mpya. Mkuu hataki wageni wazione hizi, ndiyo maana kila mtoto ana sare mbili."

Mama Chiriku akachukua gauni moja, akachukua la pili, akachimba mpaka chini ya rundo. Ncha za kola zilikuwa zimelika, nyuzi zimechambuka, nyingine zimetobolewa kabisa. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na yeye, fundi mzima, hakujiuliza kola za watoto zinaweza vipi kuwa mpya zote kwa siku moja!

"Wanatafuna?" aliuliza.

"Watoto ndivyo walivyo. Wanaanza mwezi wao wa kwanza hapa, halafu wanazoea." Matroni alikuwa mtu mwema, hakuona kitu. "Nikupitie lini?"

"Kuanzia kesho. Nguo zenu utazikuta."

Alifumua kola kumi na mbili bila kunyanyua kichwa, akatoa moja nyingine kwenye boksi. Mumewe aliporudi na kuvua viatu, alizikuta zimepangwa mezani.

"Baba Chiriku, keti. Moja kati ya hizi ni ya mwanao, ya kule tulikotoka. Nionyeshe."

"Mama Chiriku, nimechoka. Kola tena?"

"Nionyeshe."

Akaishika moja, akaiweka. Akashika nyingine, akaisogeza kwenye taa. Alizipitia zote kumi na tatu, kisha akazirudia, na kila alivyozirudia ndivyo alivyopunguza mwendo.

"Siijui," alisema mwishoni.

"Na mimi nilikuwa nampeleka huko kwa miguu yangu! Jicho la fundi! Jicho la fundi liko wapi? Nimehama nyumba, nimehama mtaa, nikaenda kumtafutia mwanangu dawati lile lile, tofauti yake vioo!"

"Ada hairudishwi," alisema mumewe, lakini polepole, kama mtu anayejikumbusha mwenyewe.

"Najua hairudishwi."

Mumewe akaisukuma kola ya mwisho kando. Halafu akauliza, "Ile ya kinyonga ni umbali gani?"

Jumatatu Mama Chiriku alirudi kwenye mabati huku uso ameuinamisha, tayari kusutwa. Mwalimu mkuu hakumsuta. Alisema karibuni, akamchukua Chiriku na gauni lake la zambarau akamwingiza katikati ya watoto wenye sare za kijani za shule ile, basi. Mama mtu alirudi nyumbani akaharibu suruali ya mteja kwa kukata mguu mmoja mara mbili.

Saa tisa alikuwa getini. Chiriku alitoka karibu wa mwisho. Pindo lilikuwa limefumuka linaburura nyuma, kifungo cha juu hakipo, tope hadi magotini. Gauni la siku moja! Hasira ya wiki tatu nzima, ya makarani na vyeti na vioo na lile gunia, ikampanda Mama Chiriku kooni, maana sasa ilipata pa kutokea. Akafungua mdomo. Lakini mkono wake ulikuwa umeshatangulia kwenye kola, kama ulivyofanya kila siku kwa miaka miwili.

Ncha ya kushoto ilikuwa imelowa. Ya kulia ilikuwa kavu.

"Mama," Chiriku akasema, "yule kinyonga hana jina, mwalimu anasema tusimpe mpaka tukubaliane wote, na kuna mmoja anataka aitwe Rangi, mimi nikamwambia hapana, maana akibadilika je, halafu tukamfuata kwenye ua, halafu nikaanguka, halafu wote wakaanguka..."

Mama Chiriku akafunga mdomo. Njia nzima, mpaka mlangoni, hakupata nafasi ya kuuliza kifungo kiko wapi.