Jezi Namba Tisa Inaingia Uwanjani

Saa mbili asubuhi, siku ya mechi ya kwanza, Mama Jezi alikuwa amepiga magoti kwenye chumba cha kubadilishia nguo, anapiga pasi juu ya benchi alilolitandika taulo. Alikuwa na jezi saba na wasichana sita. Mpira wa mikono huchezwa na watu saba, kipa akiwemo, na hilo hata viongozi wa chama walilijua. Ila safari ilikuwa na nafasi kumi na sita tu, na viongozi peke yao walikuwa tisa.

Aliyeachwa nyumbani ni namba tisa, winga wa kushoto, binti wa Mama Jezi mwenyewe. Kiti chake kilimwangukia shemeji wa Mwenyekiti, aliyeandikwa kuwa mshauri wa hali ya hewa. Mechi zote za mashindano yale ya kimataifa ya wasichana zilichezwa ndani ya ukumbi, lakini shemeji hakuwa mvivu. Kila asubuhi aliangalia dari, akatoa taarifa kwamba hakuna dalili ya mvua.

Mama Jezi yeye asingeweza kuachwa, maana mashati ya viongozi yalihitaji mtu wa kuyafua. Na jezi ya mwanawe aliipakia kwa sababu orodha ya vifaa ilisema saba. Aliinyoosha kuliko zote, akaitandaza mwisho wa benchi la wachezaji wa akiba, ambako hakukuwa na wachezaji wa akiba.

Dakika ya kumi na moja, walipokuwa wamefungwa tisa kwa mawili, jezi namba tisa ikanyanyuka, ikajinyoosha mabega, ikaingia uwanjani. Ndani hamkuwa na mtu. Bukta ilifuata nyuma, imechelewa kidogo.

Mwamuzi akapuliza filimbi, akafungua kitabu cha sheria, akasoma kwa kufuatisha kidole. Sheria ilitaka namba ionekane mbele na nyuma. Ilionekana. Akamgeukia Mama Jezi.

"Hachezi mtu peku hapa."

Mama Jezi akavua raba zake, akazisukuma uwanjani. Zilipwaya, lakini kamba zilijifunga zenyewe na mchezo ukaendelea. Beki wa wapinzani alilalamika kuwa hajui amkabe wapi. Kocha wake akamwambia akabe mikono ya shati. Hadi mwisho jezi ilikuwa imefunga saba, na timu ikashinda kwa bao moja.

Mama Jezi akapiga simu nyumbani, bado yuko peku.

"Uko wapi?"

"Jikoni. Bibi kanifukuza sebuleni, nimempasulia taa. Mama, nimefunga mangapi?"

"Saba."

"Usinipunje bwana. Mimi nimehesabu nane."

"La nane wamelikataa. Ulikanyaga mstari."

"Mstari gani, na hapa pana zulia tupu?"

Mama akamwambia atakayeshika filimbi kesho ni mwamuzi huyo huyo, asibishane naye, anywe maji alale mapema.

Walimaliza wa tatu, na jezi ikatangazwa mfungaji bora. Mwenyekiti akapanda jukwaani kupokea kikombe kwa niaba yake. Jezi nayo ikapanda. Wakakishika huku na huku, wakavutana kwa adabu, wapiga picha wakipiga. Mwenyekiti, bila kuacha kutabasamu, akamnong'oneza Mama Jezi aliyekuwa chini ya jukwaa.

"Iambie iachie."

"Mzee, hiyo haina masikio."

Mwishowe Mwenyekiti alishinda kwa kilo.

Waliporudi, Mama Jezi alikwenda ofisini kwa Mwenyekiti. Kikombe kilikuwa mezani, kimewekwa kalamu. Aliomba jambo moja tu: mashindano yajayo binti yake naye aende, na miguu yake, acheze kama wenzake, aone hata huo ukumbi ulivyo. Mwenyekiti alimsikiliza vizuri, akampa na kiti.

"Aende kufanya nini, mama? Si anacheza vizuri akiwa huko huko?"

Chama kikaandika kwenye ripoti kwamba tatizo la nafasi limepatiwa ufumbuzi. Mwaka uliofuata wasichana wote saba walibaki. Jezi zilisafiri kwenye sanduku moja, pamoja na viongozi kumi na sita. Mama Jezi hakuhitajika tena, kwani hoteli ilikuwa na mashine ya kufulia, na shemeji alipewa msaidizi wa kushughulikia upepo.

Siku ya ufunguzi, redio ilipotangaza kuwa timu zimeingia uwanjani, bibi alihamisha vyombo vyake chumbani na kukaa huko navyo. Mama Jezi akasukuma kabati hadi ukutani, akakunja zulia, akasimama mlangoni na chupa ya maji. Binti akaingia katikati ya sebule, bila jezi, akaanza kukimbia.