Dera la Mama Jackie

Tangu astaafu upolisi, Barnabas alibaki na kazi moja tu aliyoimudu, nayo ni kulala. Kutwa alijifunika blanketi kwake Mweiga akitazama dari, na ukimuuliza anaumwa wapi, alisema moyo ni mzito. Mzito kweli, maana ulimshinda kuubeba hata kuufikisha sebuleni. Na huyu ndiye aliyekuwa akiwafokea makurutu waliochelewa gwaride kwamba uvivu ni ugonjwa wa kujitakia.

Mkewe, Gaudencia, alibembeleza, akanuna, akaita padri. Mwishowe akafunga mkoba. "Baba Jackie, naenda kwa dada yangu Bungoma nikapumue. Ng'ombe nakuachia. Nikisikia amekauka kwa sababu ya blanketi yako, mimi sirudi." Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomtisha Barnabas. Gaudencia akifoka, mambo bado yanatengenezeka.

Asubuhi yake ng'ombe, jina lake Malkia, alilia mpaka Barnabas akakosa raha ya kukosa raha. Akajikokota zizini na ndoo, amevaa koti lake la zamani. Malkia akamnusa, akazuia maziwa yote, akapiga ndoo teke. Jioni vivyo hivyo. Kesho yake kiwele kilikuwa kimevimba, kigumu, na hofu ikamshika Barnabas: ng'ombe atakauka, na mama ameshasema. Akaona heri arudi kitandani akalilie huko. Alikuwa ameshafika mlangoni alipoliona dera la Gaudencia la maua ya zambarau limening'inia kwenye msumari.

Hapo akakumbuka. Gaudencia hakukamua hata siku moja bila dera lile na kitambaa chake cha kichwa. Hata lilipochanika alikataa kulitupa, kwa kuwa Malkia amelizoea. Barnabas alikuwa amemcheka sana kwa hilo, akiwa amelala.

Akalivaa. Lilimbana kwapani na kumkwama kitambini, lakini akalilazimisha. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Yeye alikuwa ameyavalia, basi ni yale yale. Akafunga kitambaa kichwani, akaketi kwenye kigoda, na kwa kuwa mkewe hukamua akiimba, naye akaimba wimbo wa kwaya kwa sauti ya gwaride. Malkia akageuka, akamtazama vizuri, akashusha pumzi. Maziwa yakaanza kuja.

Kingori, anayekusanya maziwa ya kijiji, akachungulia. Akaangalia dera, akaangalia ndevu.

"Mama Jackie, umebadirika," akasema.

"Ni hii baridi yenu," Barnabas akamjibu.

Kicheko kikamtoka Barnabas mwenyewe, kikamtikisa mpaka akajishikiza kwa mguu wa ng'ombe. Alishangaa kukisikia. Alidhani alikirudisha pamoja na sare.

Tangu hapo aliacha kungoja moyo uwe mwepesi. Ukiamka mzito, aliuvalisha dera akaenda nao hivyo hivyo. Na kwa kuwa mtu anayenuka mavi ya ng'ombe hawezi kurudi kwenye shuka, alijikuta akikata majani, kisha akipalilia viazi. Hakuwa malaika. Siku nyingine alipalilia huku akilalamika tangu mwanzo wa shamba hadi mwisho, lakini viazi havikujali.

Gaudencia alirudi bila kupiga simu. Alisimama mlangoni mwa zizi na mkoba mkononi, akamkuta mume wake ndani ya maua ya zambarau, akiimba vibaya, ndoo ikikaribia kujaa. Machozi yakamlengalenga. Akajikaza.

"Nipe dera yangu, Baba Jackie, nikumalizie."

Barnabas alitamani kumpa. Mgongo ulikuwa unamuuma, na kitanda hakikuwa mbali. Akasogeza kigoda karibu zaidi na Malkia.

"Ngoja hapo, mama. Leo bado ni zamu yangu."

Gaudencia akauweka mkoba chini.